Nani kachomoa masega ya gari yangu?

Leo nimemwita fundi mwizi mbele ya gereji nzima.

Asubuhi nilimwachia gari, hapahapa Bariadi. Narudi, linanguruma kama mashine ya kusaga.

Nikajua tu: kachomoa masega! (Yale ya kwenye ekzosi chini ya gari, yenye matundu kama ya nyuki. Yana madini, wezi wanayapenda.)

Shemeji niliyekwenda naye akawaka kuliko mimi: "Twende polisi!"

Fundi akapiga jeki, akanionyesha kopo la masega. Tupu! Liliwahi kukatwa likachomelewa, na leo weldi imepasuka.

"Dada, kutu yote hii ni ya leo?"

Nikakumbuka: msimu mzima wa pamba gari alikuwa nalo shemeji.

Kugeuka, yuko juu ya bodaboda. Eti kapata msiba Maswa.

Watu wa Maswa, huko kuna msiba leo?