Herufi za Emanuel kwenye TV ya chogo

Saa moja asubuhi ukungu bado umeziba dirisha la Baltazar Qamara, fundi redio wa Mbulu mjini. Mezani kuna kompyuta ya zamani, ya aina ile iliyounganishwa na TV ya nyumbani miaka ya themanini. Anaiwasha, anarudi nyuma na kukunja mikono.

Kwenye TV ya chogo inatokea herufi M. Inafuata A. Halafu M tena, mbili kwa mpigo. Hakuna aliyegusa kitufe.

"Asubuhi za ukungu ndiyo inaandika sana," anasema Baltazar, 54, kwa sauti ya chini, kama mtu aliye chumba kimoja na mgonjwa aliyelala. "Jua likipanda inapunguza, lakini hainyamazi."

Kutengeneza redio na simu humpatia kama shilingi laki mbili kwa mwezi. Kompyuta kuukuu hazimpi kitu. Mkewe, Fabiola, anasema huo ni ugonjwa. Baltazar anazo nne, zote amezifufua kwa vipuri vya redio mbovu, na moja ameifanyia ujanja isome programu kutoka kwenye simu badala ya kaseti. Ila hii ya tano si yake.

Ni ya Hilda Akonaay, mjane wa miaka 71 kutoka kijiji cha jirani. Mwanawe, Emanuel, aliachiwa mashine hiyo na mwalimu wa kujitolea, akajifunza mwenyewe kuiandikia programu. Mwaka 1999, akiwa na miaka 19, aliondoka kwenda kutafuta kazi machimboni. Hajaonekana tena, wala hakuna aliyeleta habari zake.

Hilda aliitunza mashine kama anavyotunza kila kitu cha thamani. Aliipandisha darini juu ya meko, pamoja na mbegu za mahindi ambazo moshi huzikinga zisibunguliwe. Ikakaa humo miaka ishirini na kitu ikivuta moshi. Alipoileta kwa Baltazar mwaka jana na kuona M na A zikijiandika, alikaa chini akalia.

"Ananiita mama," alisema. "Mtu anayeita hajafa."

Ugomvi ukaanzia hapo. Shemeji yake, Sebastiani, alitaka Emanuel asomewe misa ya marehemu ili ukoo upumzike. Hilda akakataa katakata. Kwake, hiyo ingekuwa kumzika mtu aliye hai.

Baltazar anajua chanzo. Masizi yamejaa chini ya vitufe, na yakipata unyevu wa ukungu yanapitisha umeme. "Nilimweleza mama," anasema. "Lakini nikuambie ukweli, vitufe viko zaidi ya arobaini. Kwa nini hivyo viwili? Sijui. Nikibaki peke yangu nayo humu ndani, nywele zinanisimama."

Kilichomkaba zaidi ni kaseti. Hilda aliikuta kwenye sanduku la nguo, ikiwa na mwandiko wa Emanuel, na mashine hii pekee ndiyo inayoielewa. Kila Baltazar anapoandika amri ya kuisoma, zile herufi zinajipenyeza katikati na kuiharibu. Ili kusoma alichokiacha kijana, lazima masizi yatoke. Masizi yakitoka, anayeita atanyamaza.

Baltazar hakuthubutu kuamua. Alimwachia Hilda, na mwaka mzima Hilda amekuwa akija, akiitazama TV na kurudi nyumbani.

Leo anaingia akiwa amejifunika shuka, ukungu umemlowesha. Baltazar anamwamkia na kumsogezea kiti.

"Bado anaandika?"

"Bado, mama."

Hilda anaweka shuka kando. "Leta hiyo pamba ya kusafishia," anasema. "Kama ni kumnyamazisha, nitamnyamazisha mwenyewe."

Baltazar anafungua mashine. Hilda anachovya pamba kwenye spiriti na kufuta, polepole, kama anayemsafisha mtoto uso. Pamba inatoka nyeusi. Wanaiwasha tena. Nje ukungu ni uleule, lakini kioo cha TV kinabaki kitupu. Machozi yanamshuka Hilda, na Baltazar anakiri baadaye kwamba alijisikia kama ameua mtu.

Kaseti inaanza kuzunguka kwa mlio mkali wa kukwaruza. Unapokatika, programu ya Emanuel inauliza: WEWE NI NANI?

Baltazar anamwonyesha vitufe. Kwa kidole kimoja, mama anaandika HILDA.

SHIKAMOO MAMA. SIPO. NG'OMBE NIMESHAWANYWESHA. USINISUBIRI.

Hilda anayasoma maneno hayo kwa sauti hadi mwisho. "Marahaba," anaijibu TV. Kisha anamgeukia Baltazar. "Mwambie Sebastiani aongee na padri."

Misa itasomwa Jumamosi ijayo. Baltazar ameshaihamishia kaseti kwenye simu, isipotee, na ameombwa apeleke mashine na TV nyumbani kwa Hilda ili ndugu wote waione.

"Mipango mingine baadaye," anasema. "Sasa hivi naomba tu siku hiyo umeme usikatike kabla mama hajamwitikia."