Mashine Ambayo Sikuiwasha

Kazi yangu ni kukagua vituo vya afya na kabine za madaktari, zile kliniki zao ndogo za binafsi, hapa Bukavu na pembezoni mwake, na wengi hawafurahi kuniona. Naingia na karatasi yangu ya maswali, ile tunayoiita grille. Napitisha kidole juu ya kabati la dawa, nageuza kila chupa nione tarehe yake ya mwisho, nachungulia boksi la sindano zilizotumika kama limejaa kupita mstari. Siku moja kule Mumosho muuguzi alinipa chai ya maziwa na mandazi manne. Nikala yote manne, nikamshukuru, kisha nikamwandikia makosa mpaka karatasi ikajaa. Nilijiona mtu wa haki. Ukali huo niliuacha mlangoni mara moja tu, na mara hiyo ndiyo inayoniuma hadi leo.

Ilikuwa kwenye kabine ya daktari mmoja mzee, vyumba viwili na kibaraza, kwenye mteremko wa Kadutu. Mteremko ule wote ulikuwa wake. Alimtibu bibi, akamtibu mama, akamtibu na mtoto, na aliwajua kwa kikohozi chao kabla hajawaona uso. Mama yetu aliposhindwa kutembea, yeye ndiye aliyepanda kwetu kwa miguu, mwavuli mkono mmoja, mkoba mkono wa pili, matope hadi magotini. Hakukubali kiti kabla hajampima mgonjwa presha. Siku mama alipofariki, mkono wake ndio uliomfumba macho.

Sasa fikiria mimi, mtoto wa mama yule, naketi mbele yake na grille kwenye mapaja. Alikuwa amevaa koti jeupe lililopigwa pasi. Nyuma yake alisimama muuguzi wake, mama wa makamo, mikono ameikunja tumboni.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu Kiswahili chetu. Sisi watu wa Bukavu tumelibebesha neno "iko" mizigo mingi mno. Ukiuliza "iko?" labda unauliza kama kitu kipo, labda kama ni kizima, labda kama kiko tayari kutumika. Anayekujibu "iko" anachagua mwenyewe ni swali lipi analijibu.

"Papa docteur, maji ya kunawa?"

"Iko." Muuguzi akafungua bomba, maji yakatoka.

"Gants za kuvaa mikononi?"

"Iko, karto mbili."

"Oxygène?"

Alikawia kidogo. Muuguzi akatazama sakafu.

"Iko," daktari akasema, akanyoosha mkono pembeni.

Ilikuwepo kweli. Mashine ya oksijeni ilisimama kwenye kona, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama vile mama zetu wanavyofunika redio. Hapo nilipaswa kusema: tuiwashe. Grille inadai hivyo, na kila mahali nilikuwa nafanya hivyo bila kupepesa macho. Umeme ulikuwepo, taa iliwaka juu ya vichwa vyetu. Lakini kumwambia mzee yule awashe, mbele ya muuguzi wake, niliona ni sawa na kumwambia: papa, unasema uongo. Nikaweka alama kwenye safu ya "iko". Pembeni kulikuwa na safu ya pili, "inafanya kazi". Nikaweka alama hapo pia.

"Ni ile tu?" akaniuliza.

"Ni ile tu, papa."

Alinisindikiza hadi mlangoni, akabaki amesimama kama mtu ambaye hajamaliza kusema. Nilidhani ni uchovu wa uzee.

Toka hapo nikashuka kwa yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, aliyekaa nyumba chache chini ya kabine. Alikuwa na pumu tangu utoto wetu, na kila ikimbana alipelekwa hospitali kubwa, mbali, juu ya pikipiki, katika vumbi lilelile linalomziba kifua. Alinipa bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwa letu. Nikala, na kwa majivuno ya mtu aliyeshiba nikamwambia:

"Yaya, usijisumbue tena kwenda mbali. Kwa papa docteur kuko oxygène."

"Kweli?"

"Mimi njo nakaguaka. Nikudanganye?"

Akacheka, akasema tangu nianze kukagua watu nimekuwa kichwa kikubwa kama gavana. Akaniongezea sambaza.

Ilikuwa msimu wa kiangazi pumu ilipombana. Siku ile mimi nilikuwa Kalehe, nikigombana na mtu kuhusu friji ya chanjo. Ilikuwa asubuhi, saa tatu hivi. Binti yake, mpwa wangu, alimpakia kwenye teksi na kumfikisha kwenye kabine. Daktari alichomeka mashine, akabonyeza, akabonyeza tena. Haikutoa hata mlio. Akamchoma sindano aliyokuwa nayo, akambeba yeye mwenyewe pamoja na muuguzi wakamrudisha garini. Kufikia hapo wachuuzi walikuwa wameshamwagika njiani na magari yamesimama. Dada yangu alikata roho kabla hawajaliona geti la hospitali.

Daktari alikuja kwenye kilio siku zote, akiketi nyuma kabisa, hanywi hata chai. Mimi sikumsalimu. Kilio kilipokwisha nikaenda kwake peke yangu, bila karatasi.

"Papa, ile machine iko en panne tangu lini?"

"Inapita mwaka moja."

"Na siku nilikuja uliniambia iko!"

"Iko. Si ulikuwa unaiona?" Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Mutoto yangu, nilikuwa nangojea useme tuiwashe. Nilishaandika barua kwa bureau yenu, nikachoka, hakuna mwenye kujibu. Nikajua wewe ukiandika panne, batatuma ingine, juu karatasi yako njo banasomaka. Lakini kuisema mimi mwenyewe, mbele ya ule maman muuguzi, mbele ya mutoto mwenye nilitunza mama yake… nilipata haya."

Huyu ndiye mzee aliyewagombeza akina mama waliochelewesha watoto, akiwaambia kila mara kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitaka kumrudishia methali yake usoni. Lakini nilichokiona ni ile safu ya pili, na alama yangu ndani yake, kwa wino wangu. Yeye alificha kwa haya. Mimi, niliyelipwa kufichua, nilimsaidia kuficha. Kama ningemheshimu mzee yule kidogo tu, kwa kiasi cha kumwomba abonyeze kitufe, angefurahi. Tulipoagana alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Sikuuondoa.

Wiki ileile niliandika ripoti nyingine: panne, mashine imeharibika. Mashine mpya ililetwa kabla ya mwezi kwisha. Niliposikia habari hiyo nilitoka ofisini, nikashuka hadi ufukweni kutazama ziwa, nikalia kama mtoto, mtu mzima na mkoba wangu wa serikali.

Mpwa wangu hakunilaumu hata siku moja. Anaendelea kuniita tonton, yaani mjomba, ananipigia pasi mashati nikienda kuwatembelea. Jumapili moja baada ya misa, akiwa amenipa mgongo, pasi mkononi, alisema kuna kitu hajawahi kuniambia.

"Ile siku, chauffeur alitaka atupeleke direct ku hôpital. Barabara ilikuwa ingali wazi. Ni maman njo alikatala."

"Alikataa namna gani?"

"Pumzi ilikuwa inakosa, hakuweza kusema mingi. Alimukamata chauffeur shati, akamuonyesha na kidole kwa papa docteur. Mimi nilimwambia, maman, twende tu mbele, ku hôpital. Akatikisa kichwa. Akaniambia: 'Tonton yako hawezi kutudanganya.'"