Wiki Waliyomtembeza Mama

Mama yangu Asmahani hakujua kupumzika, na mtu akimwambia apumzike humwuliza kama amekosa shughuli yake mwenyewe. Alikuwa mpishi wa shughuli pale Nguvumali. Harusi, hitima, arobaini, kote masufuria yake yalitangulia. Mkono wake ulikuwa mtamu na mdomo wake mkali. Watu walimwita kwa ule na kumvumilia kwa huu.

Mwaka hamsini na sita ami yangu Zubeiri, ndugu wa marehemu baba, alisema anakwenda Pemba kunitazama. Mimi, Semeni, nilikuwa nimeolewa Wete na Idarusi, kijana wa huko huko. Mama akasema, "Na mimi nakwenda. Tangu nizaliwe sijakaa wiki moja bila moshi machoni."

Ami akababaika. "Shemeji, bahari mbaya siku hizi."

"Kwani wewe una mapezi?" Mama akafunga nguo zake.

Hakujua, na nyinyi mjue sasa, kwamba mimi nilikuwa nimeachwa. Idarusi alikasirika kwa samaki aliyeungua, akanitolea talaka tatu kwa mpigo mmoja, majirani wakisikia. Kesho yake akawa analia na kujipiga kifua. Lakini tatu ni tatu. Hanipati tena mpaka niolewe na mume mwingine, naye aniache. Basi wakwe zangu wakatafuta mtu wa kunioa usiku mmoja tu na kuniacha asubuhi, mhalili, mzee mmoja aitwaye Haji aliyekwisha zika wake zake wote. Ami Zubeiri ndiye aliyekuwa walii wangu, na bila yeye hakuna ndoa. Hakuja kunitazama. Alikuja kunioza! Mpaka leo nikilikumbuka hilo damu hunichemka. Bi Sabiha, mama yake Idarusi, alinionya kwamba nikifungua mdomo moyo wa mama utasimama papo hapo, na dhambi itakuwa juu yangu. Nilikuwa mdogo, nikamwamini.

Mama aliposhuka bandarini wakampokea kama mke wa liwali. Kila asubuhi motokaa ilikuwa mlangoni. Wakampeleka Vumawimbi akaone mchanga mweupe, wakampeleka Pujini akaone magofu, wakampeleka kwenye mchezo wa ng'ombe, wanawake wakiimba na vijana wakirukaruka mbele ya dume. Mama alimwonea huruma yule dume na kuwatukana vijana. Popote alipokwenda, Bi Sabiha alikuwa ubavuni mwake. Akirudi hoi, namletea maji ya kunawa, nambusu mkono, mara naitwa jikoni. Akiuliza mkwewe yuko wapi, huambiwa yuko shamba, msimu wa karafuu. Hilo halikumshangaza, maana kwetu mkwe mwenye adabu hakai mbele ya mama mkwe.

Kilichomshangaza ni mimi. "Kisiwa hiki nishaonyeshwa chote," alimwambia Bi Sabiha jioni moja, "ila mwanangu."

"Haraka ya nini, mkwe wangu? Kesho kuna ufuko mwingine mzuri zaidi."

"Ufuko! Ule wa kwetu Raskazone umekauka maji?"

Alhamisi alasiri ndipo walipokosea. Kesho yake mama alikuwa apelekwe Mkoani kwa jamaa zao, na baada ya sala ya Ijumaa mimi niozwe, kwa kuwa eda yangu ilikuwa inakwisha usiku huo. Ili aende kwa furaha, Bi Sabiha akawaita wanawake wa mtaani waje wampake mgeni hina. Kumbe alisahau desturi yake mwenyewe: mgeni wa heshima hapakwi peke yake, bintiye hukaa ubavuni akapakwa naye. Nikaitwa, maana kutoniita kungezua maswali.

Mama alikwisha pakwa mkono mmoja. Akaunyosha ule mwingine kwangu. "Lete nkono, mwanangu."

Nikauficha chini ya kanga.

"Hina imekwisha," akasema Bi Sabiha, na bakuli limejaa mbele yake.

Mama akaniangalia vizuri, kwa mara ya kwanza tangu afike. Macho hayana wanja. Nywele hazina asumini. Mikono mitupu. Wanawake wote wakatazama mkeka, kwani wote walijua. Mwanamke mwenye mume hakai hivyo, seuze siku mama yake amekuja. Hivyo hukaa mwanamke wa eda.

"Mumeo kafa?"

"La, mama."

"Basi kakwacha."

Nikamweleza yote, pale pale, mbele za watu. Moyo wake haukusimama. Aliyesimama ni yeye mwenyewe, hina ikidondoka, akatoka moja kwa moja hadi barazani. Huko wamekaa ami Zubeiri, Idarusi aliyesemekana yuko shamba, mzee Haji, na sheikh aliyeitwa kwa mipango ya kesho.

"Shemeji, rudi ndani," ami akasema. "Haya ni ya wanaume. Mimi ndiye walii."

"Walii ni mlinzi! Wewe umemlinda nini? Mbuzi wa kukodi huyu, alale kwa mtu arudishwe asubuhi?" Akamgeukia sheikh. "Na wewe uliyesoma, Mtume hakumlaani mhalili na yule anayehaliliwa?"

Sheikh akainamisha kichwa. "Kamlaani. Mie sikuambiwa kuwa ni hivyo."

Idarusi akaanza kulia. "Mama, mie nampenda Semeni, wallahi."

"Ulipompenda umempa tatu. Ukimchukia utampa ngapi?"

Mzee Haji akashika bakora yake, akasema kwa aibu, "Mie niliambiwa binti mwenyewe anataka."

"Nani kamwuliza?" Mama akamnyoshea sheikh mkono wenye hina. "Mwanamwali huozwa kwa kunyamaza kwake. Huyu si mwali, kesha olewa, lazima atamke. Sheikh, kweli si kweli?"

"Kweli."

"Basi mwulize, nami nipo."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, wanawake wamejaa nyuma yangu. Sheikh akaniita kwa jina, akaniuliza kama nimeridhia kuolewa na Haji bin Makame. Ami akanikazia macho. Bi Sabiha akanifinya kiuno.

"Sikuridhia," nikasema.

"Hawajasikia," akasema mama. Hakuja kunishika mkono wala kunifuta machozi.

"Sikuridhia! Si kwa huyu mzee, wala kwa Idarusi, wala kwa mwingine mtakayemleta!" Nilipiga kelele mpaka watu wakasimama njiani, na nilipokwisha nikaona sijamaliza, nikamgeukia Bi Sabiha: "Uliniambia moyo wa mama utasimama. Huyu hapa, kasimama yeye!"