Sauti Niliyoipandisha

Juzi mwanangu alipandisha sauti ya runinga kwa sababu watu wa kwenye filamu walikuwa wakinong'ona, nami nikamnyang'anya rimoti.

"Mama, kwani nimefanya nini?" aliuliza.

Hakuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi, tangu zamani, kule Newala.

Mchana mmoja nikiwa mtoto, Bibi, mama yake Mama, alikaa mkekani nyuma yangu akibangua korosho tulizochoma asubuhi. Nyumba nzima ilinuka moshi wa korosho, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda. Kwenye filamu niliyokuwa nikitazama, watu wawili walizungumza kwa sauti ya chini mno, nikaipandisha hadi mwisho. Ghafla mabomu yakalipuka runingani, vioo vya dirisha vikatetemeka.

Bibi alinivuta chumbani, uvunguni mwa kitanda, akaniziba mdomo. Nilidhani tunacheza kujificha, nikacheka. Kadiri nilivyocheka ndivyo alivyoukaza ule mkono, mpaka nikakosa pumzi.

"Nyamaza, Fatu," alinong'ona. "Watatusikia."

Mimi siitwi Fatu. Mama alikuja mbio kutoka uani, akaubandua mkono wa Bibi kidole kimoja kimoja.

Nilinuna hadi jioni kwa kuitwa jina la mtu mwingine. Nilikuwa mtu mzima Mama aliponiambia kwamba Fatu alikuwa mdogo wake, bado mchanga, wakati wa vita ng'ambo ya Mto Ruvuma, walikoishi kabla ya kukimbilia Newala. Walikuwa wamejificha vichakani, askari wanapita. Fatu akaanza kulia, na Bibi akamziba mdomo.