Mkasi Wenye Mkia

Kiwandani walimwita Bi Kasoro, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Miaka kumi na mmoja alikaa kwenye meza ya ukaguzi, chaki mkononi, akipokea mashati yaliyotoka kwa washonaji. Shati zuri alilitia kistari kidogo ndani ya kola. Shati bovu alilichora kifuani mistari miwili mikubwa iliyokatana, na mstari wa pili aliumalizia kwa mkia uliojikunja juu. Washonaji waliiita alama hiyo mkasi, na kila walipoiona walisonya. Sheria yake ilikuwa moja tu: nguo isiyo na alama haitoki mezani. Kengele ya kutoka ilie, wenzake wachukue mikoba, yeye habanduki mpaka kila shati lijulikane ni zuri au bovu.

Aliyekula mikasi mingi kuliko wote alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, wa kitengo cha vifungo, na ndiyo maana wakamwita Mama Vifungo. Siku moja alirudishiwa mashati kumi na manne kwa mkupuo. Akaenda chooni akalia, akanawa uso, kisha akaja kuketi na Bi Kasoro saa ya chakula. "Macho yako yana roho mbaya," akamwambia, "lakini kusema kweli vifungo vilikuwa vimekaa upande." Urafiki wao ulianzia hapo. Kuna watu wameumbwa hivyo, kinyongo hakiwakai.

Bi Kasoro hakuumbwa hivyo, na alikuwa na sababu.

Siku moja jora la kitambaa cheupe lilipotea stoo. Jioni meneja alisimama getini, akamnyooshea kidole mbele ya watu mia sita. "Huyu anajua sana kasoro za wenzake," akasema. "Leo tuone za kwake." Akaamriwa avue viatu, afungue kilemba, amwage mkoba wake chini. Kikaanguka kitana, zikaanguka na dawa za baba yake. Jora zima la kitambaa, jamani! Angelificha wapi, kwenye kisigino? Lakini alifukuzwa vilevile. Maneno yakamtangulia nyumbani, yakamkuta baba yake kitandani, na kwa siku tisa zilizombakia mzee yule alimshika bintiye mkono akimsihi, "Mwanangu, rudisha ulichochukua, nife kwa amani." Wiki moja baada ya mazishi jora likaonekana nyuma ya rafu. Hakuna aliyekuja kusema pole.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Ilipita miaka kumi na tisa, kiwanda kikafungwa, na meneja akaingia kwenye siasa, akapanda ngazi moja baada ya nyingine. Sasa sura yake ilikuwa kwenye kila nguzo ya umeme, anacheka, anaomba urais. Bi Kasoro na Mama Vifungo walikuwa wamepanga chumba kimoja cha kushonea, vyerehani viwili vikitazamana, na dirisha lao lilitazama nguzo. Kwa hiyo kila Bi Kasoro alipoinua macho kutoka kwenye sindano, Meneja alikuwa akimchekea. Fulana za kampeni zenye sura ya Meneja zilipogawiwa bure, alipokea mbili, akazifanya matambara ya kufutia mafuta ya mashine. Alianza na mdomo.

"Umeshaamua?" alimuuliza mwenzake kila asubuhi kabla hata ya salamu.

"Bado, dada. Naendelea kuwaza."

"Unawaza nini? Mtu umemjua miaka yote!"

Mama Vifungo alikuwa na cha kuwaza. Meneja aliahidi kukifungua kiwanda upya, na binti yake Mama Vifungo, mwenye miaka ishirini na sita na cheti cha ushonaji, alikuwa amekaa nyumbani akihesabu mabati ya dari.

"Kiwanda!" Bi Kasoro alimrushia tambara. "Hebu soma lebo ya fulana yake. Imeshonwa wapi? Ng'ambo! Mshono wa bega umeshafumuka. Mtu wa hivyo ndiye atakayemwajiri mwanao?"

"Na yule mpinzani wake, mwenye miwani, ataleta nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui na sitaki kujua. Ninachojua ni kwamba yeye siye Meneja, basi!"

Mama Vifungo alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Kisha akasema polepole, "Hasira, hasara, mwenzangu. Kura mbili zetu zitamfanya nini? Nchi nzima inapiga."

"Nchi nzima waachie wenyewe. Mimi nataka ashindwe hapa, kwenye shule yetu tunakopigia kura. Matokeo yakibandikwa mlangoni nisimame pale, nisome jina lake liko chini, nirudi nyumbani nilale. Nimengoja miaka kumi na tisa. Nataka karatasi ile tu."

Zilipobaki siku mbili, Mama Vifungo alikuwa bado anawaza. Ndipo Bi Kasoro akalitoa neno alilokuwa amelificha, na alijua litakata.

"Siku ile getini," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye pindo, "nani alikuwa nyuma yangu kwenye foleni?"

Cherehani cha pili kikanyamaza.

"Nilikuwa mimi," Mama Vifungo akasema.

"Ulisema neno?"

"Niliogopa kazi yangu. Nilikuwa na mtoto mdogo, unajua."

"Dawa za baba zilikuwa miguuni pako. Hukuinama hata kuziokota."

Mama Vifungo alijifuta uso kwa kitambaa cha mteja. "Haya," akasema mwishowe. "Nitampa wa miwani. Mwanangu atanisamehe." Bi Kasoro alishona pindo lile mpaka mwisho, na moyoni alifurahi, furaha ile chungu ya mtu anayetumbua jipu.

Siku ya kura walipanga foleni pamoja tangu alfajiri. Kwenye darasa la kupigia, karani alimwambia kila aliyeingia maneno yaleyale: "Alama moja, mama, kwa mgombea mmoja." Bi Kasoro alimwitikia bila kumsikiliza. Akaingia kwenye kiboksi cha mbao, akamtia mwenye miwani kistari chake, kidogo, nadhifu. Kisha akamwona Meneja. Alikuwa pale juu pichani, anacheka, hana alama yoyote. Akaikamata kalamu, akamchora usoni taratibu, kwa nguvu, hata karatasi ikakwaruzika. Aliporudi uani alikuwa anatembea kama ametuliwa gunia begani. Njiani alimnunulia Mama Vifungo chupa ya soda.

Saa kumi milango ikafungwa, kura zikaanza kuhesabiwa, na watu wakajazana madirishani. Karani aliinua karatasi moja moja, akazionyesha kwa mawakala, akataja jina. Wawili wale walikuwa dirisha la pili, wameshikana mikono. Meneja akatangulia, mwenye miwani akamfikia, Meneja akatangulia tena. Karatasi zikapungua.

Karani akainua moja, akaigeuza huku na huku, akaguna. "Hii ina alama mbili. Hapa kistari, na huyu mwingine kakatwa uso mzima." Mawakala wakaichungulia, mmoja akacheka. "Imeharibika," karani akasema, akaiweka kando.

Bi Kasoro aliuona mkia wa mstari wa pili, umejikunja juu. Mkono wa Mama Vifungo ukatoka ndani ya wake. Mikasi kumi na minne kwa siku moja alikuwa amekula mama huyu. Mkia ule angeutambua hata gizani.

Karatasi ya mwisho ikasomwa. Karani akabandika matokeo mlangoni, watu wakasukumana kuyasoma, na Bi Kasoro akasukuma pamoja nao mpaka mbele. Meneja alikuwa na kura mia mbili na kumi na nane. Mwenye miwani alikuwa na mia mbili na kumi na nane. Zilizoharibika, moja. Alisoma mara tatu, kidole juu ya karatasi. Jina la Meneja halikuwa chini. Majina mawili yalikuwa yamekaa sawa, ubavu kwa ubavu.

Walitoka getini. Kwenye nguzo ya kwanza Meneja alikuwa akicheka, kwenye ya pili vilevile. Mama Vifungo akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na mzaha usoni.

"Yangu ni miongoni mwa zile mia mbili na kumi na nane za miwani," akasema. "Nimemnyima mwanangu kwa ajili yako. Na wewe ulikuwa umeshamtia wa miwani kistari. Ilikuwa imetosha. Kwa nini hukumwacha yule bila alama?"

Bi Kasoro aliinua macho kwenye nguzo.

"Sikuweza," akasema.