Jina Lililoshuka Stesheni

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi, kijiji chetu karibu na stesheni ya Goweko kilikuwa kimejaa akina Zelina. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza. Baada yangu akaja Zelina wa Fundi, binti wa mshona nguo, kisha Zelina Mweupe, kisha mwingine na mwingine, mpaka mwalimu wetu wa darasa la kwanza akachoka akaanza kutuita kwa majina ya baba zetu. Siku hizi watu hudhani kila jina jipya linatoka kwenye simu. La kwetu lilishuka kwenye treni, na nilikuwa napajua mahali penyewe: nyuma ya ghala la mizigo, penye kivuli cha bati.

Mama aliuza karanga na mayai ya kuchemsha pale stesheni. Alikuwa na mimba yangu, miezi imeshatimia, siku ambayo treni ya kutoka Kigoma ilisimama na abiria mmoja mwanamke akashushwa mikononi mwa watu, uchungu umemshika. Wauzaji waliacha mabeseni yao wakamzingira kwa khanga. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Mama ndiye aliyemfunika mtoto kwa khanga yake mwenyewe, na ndiye aliyeuliza, "Tumwite nani?" Yule mwanamke, jasho likimtiririka, akasema, "Zelina." Wakapokezana mtoto wakimwita jina lake na kupiga vigelegele. Kisha treni, iliyokuwa ikisubiri kupishana na nyingine, ikapiga honi, mzazi na kichanga chake wakapandishwa, wakaenda zao.

Siku chache baadaye nikazaliwa mimi, na Mama akanipa jina hilo. Wanawake waliokuwepo pale ghalani nao, mmoja baada ya mwingine, walipojifungua wakafanya hivyohivyo. Kisha wakafuata hata wale ambao hawakuwepo.

"Lilikuwa jina zuri," Mama aliniambia nilipomuuliza. "Na yule dada alinukia marashi hata katika uchungu wake."

Nadhani siri ilikuwa hapo. Wanawake wa kwetu walishinda kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, moshi ukiwaingia hadi kwenye nywele. Kila mmoja alitaka binti anayenukia kitu kingine. Sijaona, mpaka leo, mtindo wa jina ulioanza kwa sababu nyingine. Tunawapa watoto majina ya mahali ambapo sisi hatukufika.

Mtu pekee aliyekataa alikuwa Bibi, mama yake baba. Alikuwa ametaka niitwe Kalunde, jina la dada yake aliyekufa akiwa mwali. Kwetu jina lilikuwa na mwenyewe. Ulipewa la babu, la shangazi, la ndugu aliyetangulia, na mtu mzima alisimama mbele ya watu akasema, jina hili ninalitoa mimi. Jina lililookotwa tu njiani lilimtia Bibi hofu.

"Jina ni kama kaa la moto," alisema. "Unaliomba kwenye jiko la mwenyewe. Ukilichota bila kuomba, siku akija kulitafuta utamwambia nini?"

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe aliitwa Tausi, na hakuwa amewahi kumwona huyo ndege. Jina lake lilipita katika njia ileile, enzi za misafara, wapagazi na mabibi wa pwani walipokuwa wakipita Unyamwezi na kuacha nyuma shanga, nguo na maneno. Siku moja nikamuuliza, "Bibi, tausi ni nini?" Akavuta ugoro wake, akapiga chafya, akaniambia nikachote maji.

Hakuniita Zelina hata mara moja. Aliniita "wewe," au "mtoto huyu."

Nami nilikuwa mtoto asiyetulia. Nikisikia treni ikivuma mbali, naacha ugali mkononi nakimbia stesheni. Usingizini nilirukaruka na kupiga mateke hadi dada zangu wakakataa kulala nami. Mwaka ambao Zelina wa Fundi alipotea kutwa nzima, akakutwa anatembea peke yake kando ya reli akielekea upande wa mashariki, watu walicheka kwanza. Alipoulizwa anakwenda wapi alisema hajui. Bibi hakucheka.

"Jina linataka kwenda zake," alimwambia Mama. "Safari yake haijaisha."

Leo naweza kusema kwamba kila mtoto aliyezaliwa karibu na reli hupenda kuifuata. Wakati ule sikuwa na maneno hayo. Niliitazama miguu yangu nikaiogopa, kana kwamba ingeweza kuondoka bila mimi.

Nilikuwa darasa la tatu siku alipokuja. Ilikuwa asubuhi, likizo, nami nilikuwa stesheni na Mama nikibeba beseni la karanga. Treni ilisimama, tukakimbia kwenye madirisha kama kawaida, na katika vurugu ile akashuka mwanamke mmoja mwembamba, mkoba begani. Hakununua kitu, hakuuliza kitu. Alisimama akiangalia ghala la mizigo.

Mke wa fundi, aliyekuwa akiuza ndizi karibu nasi, akapaza sauti: "Zelina! We Zelina! Lete sufuria!"

Tuligeuka wote. Mimi nikiwa na beseni langu, Zelina Mweupe kutoka penye maji, Zelina wa Fundi akija mbio na sufuria. Yule mwanamke aliuweka mkoba chini taratibu, kisha naye akakaa chini, kwenye kokoto.

Mama alimtazama, akaacha biashara.

"Dada! Si ni wewe? Wewe uliyejifungua hapa?" Alikuwa akicheka kwa furaha. "Zelina yuko wapi? Atakuwa mkubwa sasa, sawa na huyu wangu!"

Mwanamke alinitazama.

"Hatukufika naye Dodoma," alisema. "Homa ilimkamata njiani."

Treni iliondoka, na hakuna aliyeisikiliza. Wauzaji walisimama na mabeseni vichwani. Nilimwona mke wa fundi akimnyang'anya bintiye sufuria, akamshika mkono na kumkokota, na alipofika njiani akamwambia, "Kuanzia leo wewe ni Joisi. Umenisikia? Joisi."

Kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilijua. Tulikuwa tumepewa, sote, jina la mtoto aliyekufa, na hakuna aliyekuwa amelitoa. Kila homa tuliyowahi kuugua ilikumbukwa upya. Mama mmoja alimpeleka binti yake kisimani akammwagia maji kichwani huku akitaja majina ya watakatifu, ili lolote kati yao limshike. Wengine walisema yule mgeni aondoke, lakini treni nyingine ilikuwa ya kesho yake. Mama alimchukua hadi kwetu. Nilitembea nyuma yao nikihesabu moyoni makosa yangu yote yaliyoweza kunifanya nichukuliwe.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni akipepeta mtama. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Shikamoo, mama," mgeni akasema.

"Marahaba, mwanangu. Keti." Akausukuma ungo pembeni. "Wewe ndiye mwenye jina?"

"Ndiyo, mama."

"Walilichukua bila kukuomba. Mimi nilikataa, lakini ni nyumba yangu, kwa hiyo ni kosa langu pia. Umekuja kulitafuta?"

Mgeni akatikisa kichwa. Alieleza polepole, akiangalia mikono yake. Nyumbani kwao hawakuwahi kumwona mtoto, wala kumsikia. Mume wake alikataza habari ile isitajwe, ili asipate huzuni ya kumharibia uzazi. Hakuna aliyewahi kumwita binti yake kwa jina, ila wale wanawake wa ghalani, kwa muda ule mfupi.

"Nilitaka kuja mahali ambapo aliitwa," akasema. "Basi. Sikujua nitakuta anaitwa bado."

Mama akaanza kulia. Bibi hakulia. Alinivuta mbele kwa kifundo cha mkono.

"Mtazame huyu," akamwambia mgeni. "Tangu azaliwe hatulii. Jina limekaa katikati, si lake, si la wako. Sasa chagua. Lichukue uende nalo, tumpe jingine. Au litoe, kwa mdomo wako, mbele yetu."

"Nikilitoa, mama, yeye atabaki na nini?"

Bibi alichukua ugoro, akaurudisha bila kuuvuta.

"Nilikuwa na dada yangu, Kalunde," akasema mwishowe. "Nimemtunzia jina lake nikingoja mtoto wa kulibeba. Nimelitunza hata halitajwi na mtu. Vijana hawa hawajui kama alikuwepo. Sijui, mwanangu. Labda nilikosea kulifungia."

Akamletea maji katika kata, ya kutolea jina. Mgeni aliinama akanitazama usoni, na nikaona kwamba alikuwa ananiogopa kama nilivyokuwa nikimwogopa. Akaweka maji kinywani, akanipulizia kifuani kama Bibi alivyomwelekeza. Yalikuwa baridi.

"Zelina," akaita.

Nilijua nikiitika ndiyo basi. Ama nitaondoka na yule mtoto, ama nitabaki. Vidole vya Bibi vilinibana.

"Zelina," akaita tena, safari hii kwa sauti ndogo sana.

"Abee," nikaitika.

Akafunika uso kwa khanga. Sikuelewa kama alikuwa anacheka au analia. Aliniita tena, na tena, nami nikaitika kila mara, mpaka Bibi akasema inatosha, mtoto ana njaa.

Alilala kwetu. Kesho yake tulimsindikiza, na kina mama kadhaa walikuja, wengine kwa haya. Treni ilipoanza kusogea jirani mmoja alipaza sauti, "Mama Zelina, safari njema!" Mama akageuka, na wanawake wawili wengine wakageuka. Yule wa dirishani aligeuka wa mwisho, kama mtu ambaye hajazoea kuitwa hivyo.

Si wote waliobaki na jina. Joisi alibaki Joisi, akakua, akaolewa Igunga, na afya yake ni njema kuliko yangu. Sitaki kudai kwamba maji yale yalinikinga na lolote. Bibi alianza kuniita Zelina tangu jioni ile, lakini usingizi wangu haukubadilika, wala miguu yangu. Nimehamia Tabora mjini, nikahama tena, nikarudi. Hata sasa siwezi kukaa mahali mwaka mzima bila kuangalia njia.

Wiki iliyopita nilimpeleka mke wa mdogo wangu kliniki. Kina mama vijana walikuwa wakionyeshana majina kwenye simu, yenye herufi nyingi ambazo hazitamkwi, wakicheka. Mmoja aliniuliza langu, nikamwambia. "La kizamani hilo, shangazi," akasema bila ubaya. Ni kweli, limeshapitwa. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilisikia kichanga kikipewa.

Nilikuwa nikimfikiria yule mwanamke, ambaye sasa, kama yu hai, ni mzee. Tulikula naye, akalala kwenye mkeka wetu, akanipa kitu ambacho alikuwa nacho kimoja tu. Na katika kijiji kile chenye hofu kubwa hivyo ya majina, hakuna mtu, hata Bibi, aliyekumbuka kumuuliza la kwake.