Usianze Linux ku Nyumba ya Mama Bukwe

Unataka kutia Linux mu ordinatere yako? Ni ya bule, haiombi ruhusa ku muntu. Lakini ikala kwanza, nikuambie vile nilifungiwaka mu mutaa ya Panda, kwa mama bukwe, na mulango wazi.

Huku kwetu muntu hasemeshi mama bukwe, mama wa bibi mwenye alioa, hamuangalii mu macho, hapiti mbele yake. Bibi yangu njo alikuwa anabeba maneno katikati yetu. Ile siku akaniingiza mu chumba ya mama yake, akanionyesha ordinatere yenye ilikataa kuwaka muzuri. "Tengeneza, minye niko naenda ku soko." Akaenda. Mama akaikala mu saloni na sufuria yake, pale pale ku mulango. Chumba haina mulango ingine.

Minye, mwenye kuachia masomo njiani, nikachomeka kle USB yangu, ile flash yenye Linux ndani, nikajiona ingenieri. Machini ikauliza: tufute diski yote? Kidole ikaenda ku ndiyo. Mama akakohoa, akasemesha sufuria yake.

"Weye sufuria, ambia ule muntu, picha za marehemu bwana yangu ziko mule. Haziko fasi ingine."

Kidole ikakauka.

"Sufuria, uliza mama kama iko na kle ingine. Yangu imejaa Linux."

"Sufuria, muambie sina. Na akizifuta, asikuje tena kukula hapa."

Weye mwenye kuanza, uliza kwanza nini iko ndani, uikopie fasi ingine, njo ukamate machini. Na batri ijae. Kuran ya umeme ilikuwa imeenda tangu asubui, batri inashuka. Kutoka, mama iko ku mulango. Kufuta, ndoa yangu inakufa.

Nikarudia nyuma, nikachagua kujaribu bila kutia. Ile haigusi kitu. Linux ikafunguka, nikaingia mu diski, nikamuona mzee mu picha, na kofia yake ya kazi.

"Sufuria, ambia mama picha ziko. Akuje aone, abonyeze mushale. Minye nitaangalia ukuta."

Nikasimama mu kona, pua ku ukuta, sawa mutoto mwenye mwalimu amepa malipizi. Nikasikia malapa ya mama inaingia. Picha moja, kisha ingine.

"Ile shati," akasema pole, "minye njo nilimushoneaka."

Sikujua kama alisemesha sufuria ao minye. Bibi yangu aliporudi, njo yeye alikimbia kwa jirani kuomba kle ya kukopia picha, mbele ya batri kufa. Minye sikugeuka.